Mtoto Aliyeandikiwa Viini vya Mayai: Lehemu Inapokuwa Pungufu Mwilini

Picha ile iliingia kwenye kundi la WhatsApp la mtaa wetu, huku Tabata, saa mbili usiku, wakati watu wameshakula na wanatafuta la kubishania. Ilikuwa karatasi ya hospitali ya nje ya nchi, jina la mgonjwa limefutwa, na chini yake mtu ameandika tafsiri: mtoto huyu apewe viini vya mayai kila siku, kolesteroli yake iko chini mno.

Kundi likachemka. "Daktari feki huyo." "Wanataka kumuua mtoto wa watu." Dada mmoja anayeuza dawa za asili akapata mwanya wa kutangaza mchanganyiko wake wa tangawizi, kitunguu swaumu na ndimu, unaosafisha mishipa yote kwa siku kumi na nne. Kisha mzee mmoja, mstaafu wa bandari, akauliza swali lililonyamazisha wengine. Yeye amekatazwa viini tangu mwaka juzi, hata chipsi mayai anaagiza za weupe mtupu. Iweje mtoto mchanga aandikiwe kitu kilekile alichokatazwa yeye?

Swali la mzee linastahili jibu refu kuliko nafasi ya WhatsApp. Karatasi ile haikuwa feki. Upo ugonjwa wa kurithi, adimu sana, uitwao Smith-Lemli-Opitz, ambao mtoto huzaliwa mwili wake ukishindwa kutengeneza kolesteroli ya kutosha. Ukiuelewa, utaielewa kolesteroli kuliko utakavyoielewa kwa kusoma mabango ya dawa za kusafisha mishipa.

Kolesto, kolesteroli, lehemu

Maabara wanasema kolesteroli, mtaani tumeifupisha ikawa kolesto, na watangazaji wa vipindi vya afya wanapenda kusema lehemu. Hilo la mwisho ndilo ninalolipenda mimi, maana lina kwao. Nenda kwa fundi redio Kariakoo umwulize lehemu, atakuonyesha waya laini wa rangi ya fedha anaouyeyusha kwa chuma cha moto ili nyaya mbili zishikane. Bila lehemu redio ni mkusanyiko wa vipande tu. Ukilisikia neno hili kwenye habari za afya, lisikie kama anavyolisikia yule fundi, kitu kinachoshikanisha.

Maana kazi yake mwilini inakaribia hiyo. Kila seli imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta, na lehemu imejipanga ndani ya utando huo ili usilegee wala usikakamae. Homoni za kike na za kiume hutengenezwa kutokana na lehemu. Kadhalika kotisoli, homoni inayotuwezesha kuhimili homa kali au upasuaji. Ini huichukua lehemu na kuigeuza chumvi za nyongo, ambazo bila hizo mafuta ya chakula yangepita tumboni bila kumeng'enywa. Na ubongo, ambao ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, umebeba takriban robo ya lehemu yote uliyonayo.

Kingine ambacho wengi hawakijui ni kwamba sehemu kubwa ya lehemu hatuili, tunaitengeneza. Mwili wa mtu mzima hutengeneza karibu gramu moja kwa siku, ilhali kiini cha yai moja kina kama miligramu 200, yaani sehemu ya tano ya hapo. Inapatikana kwenye vyakula vya wanyama, si vya mimea. Kwa hiyo chupa ya mafuta ya alizeti inayojisifu kwamba haina kolesteroli inasema kweli, kama vile maji yangejisifu kwamba hayana mifupa.

Tatizo la mzee wetu wa bandari, basi, si kwamba lehemu ni sumu. Ni kwamba damu yake inabeba nyingi kupita mahitaji, katika vifurushi viitwavyo LDL, na vifurushi hivyo vikizidi kwa miaka mingi huacha mzigo kwenye kuta za mishipa. Anakatazwa ziada. Mtoto wa kwenye ile karatasi hana hata cha kuanzia.

Pantoni ya Magogoni

Neno la pili tunalolihitaji ni kimeng'enya. Hiyo ni protini yenye kazi moja tu, kugeuza kitu hiki kiwe kile. Kwenye mate kuna kimeng'enya kinachovunja wanga, ndiyo maana ukitafuna mkate kwa muda mrefu unaanza kuwa mtamu mdomoni bila kuwekwa sukari. Mwilini kuna maelfu ya vimeng'enya, na kila kimoja hutengenezwa kwa maelekezo ya jeni yake. Jeni ikiwa na kosa, kimeng'enya hutoka kibovu au hakitoki kabisa.

Kutengeneza lehemu ni safari ya hatua zaidi ya ishirini. Mwishoni kabisa mwa safari hiyo kuna kitu kiitwacho 7-dehidrokolesteroli. Jina linachosha, kwa hiyo hapa nitakiita lehemu mbichi. Kimeng'enya kiitwacho DHCR7 huishika lehemu mbichi na kuigeuza lehemu kamili. Ni hatua moja tu, lakini haina mbadala ndani ya seli.

Sasa simama Magogoni, kwenye kivuko cha Dar es Salaam, saa kumi na moja jioni. Watu wametoka kazini, wengine na baiskeli, wengine na mafurushi ya sokoni, magari yamepanga foleni, na wote wanakwenda Kigamboni kwa pantoni. Tuseme jioni hiyo pantoni imesimama. Mambo mawili yatatokea kwa wakati mmoja. Ng'ambo, Kigamboni, watu waliotarajiwa hawafiki, kwa hiyo mama ntilie anabaki na sufuria lake na kazi za jioni zinalala. Na huku Magogoni umati unazidi kuongezeka, watu wanasukumana, wanakanyagana, na vibaka wanapata riziki.

DHCR7 ikiwa mbovu hutokea vilevile. Lehemu kamili inapungua, na lehemu mbichi inajazana. Hasara ya kwanza inaeleweka. Ya pili ndiyo watu huisahau. Lehemu mbichi kwa kiasi kidogo haina ubaya, kila mmoja wetu anayo kwenye ngozi, na ndiyo jua linayoigeuza kuwa vitamini D. Lakini ikirundikana, huharibika kirahisi ikikutana na oksijeni na kutoa kemikali zinazoumiza seli. Hao ndio vibaka.

Pantoni pia haiharibiki kwa namna moja. Makosa zaidi ya 150 yameshatambuliwa kwenye jeni ya DHCR7. Mengine huzima injini kabisa, mengine huacha injini moja ikikohoa na kuvusha watu kidogo kidogo. Kwa sababu hiyo ugonjwa huohuo mmoja unaweza kumchukua mtoto akiwa bado tumboni, na mwingine akakua, akaenda shule, akawa na shida ndogo ndogo tu za kujifunza na tabia.

Majina matatu ya mwaka 1964

Ugonjwa unaitwa Smith-Lemli-Opitz, kwa majina ya madaktari David Smith, Luc Lemli na John Opitz, waliowaeleza kwa mara ya kwanza wavulana watatu wasio na undugu lakini waliofanana kwa dalili. Hiyo ilikuwa 1964, nchini Marekani. Waliona umbo, hawakuona chanzo. Kinachonifurahisha ni kwamba mwaka huohuo Konrad Bloch na Feodor Lynen walipewa Tuzo ya Nobel kwa kuchambua jinsi mwili unavyotengeneza kolesteroli na mafuta. Jibu na swali vilizaliwa mwaka mmoja vikapishana njiani, na havikukutana hadi 1993, watafiti walipopima damu ya watoto hawa wakakuta lehemu iko chini na lehemu mbichi iko juu. Jeni yenyewe, iliyopo kwenye kromosomu ya 11, ilitambuliwa mwaka 1998.

Lakini kukosa lehemu kunaharibuje vidole vya miguu? Swali hilo liliwasumbua hata wataalamu. Mtoto anapojiumba tumboni, seli hupeana ujumbe: hapa patokee kidole, hapa uso ugawanyike, hapa ubongo uwe na pande mbili. Mojawapo ya protini zinazobeba ujumbe huo inaitwa Hedgehog, yaani kalunguyeye, kwa sababu funza wa nzi wa matunda waliokosa jeni hiyo walionekana wamejaa miiba. Mwaka 1996 ikaonekana kwamba protini ya kalunguyeye haifanyi kazi sawasawa mpaka ibandikwe kipande cha lehemu. Na seli inayopokea ujumbe nayo huhitaji lehemu ili iusikie. Kwa hiyo lehemu ikipungua kwenye wiki zile za mwanzo za mimba, maelekezo hufika yakiwa yamekatika, kama simu inayoita huku mtandao unapotea.

Alama inayoonekana kwa karibu watoto wote wenye ugonjwa huu ni vidole vya pili na vya tatu vya miguu kuungana, hivyo pengo lao linafanana na herufi Y. Wengi huwa na kichwa kidogo, kope zinazoning'inia, pua fupi iliyoinuka, kidevu kidogo. Wengine huzaliwa na mdomo sungura au kaakaa lililopasuka, kidole cha ziada, tatizo la moyo, au, kwa wavulana, viungo vya uzazi visivyokamilika. Karibu wote husumbuka kunyonya. Mama anakwenda kliniki mwezi baada ya mwezi na mstari wa uzito kwenye kadi haupandi. Baadaye huja kuchelewa kuketi, kuchelewa kusema, kukosa usingizi, na kwa wengi tabia zinazofanana na usonji.

Naomba nisimame hapa, maana najua kuna mtu ameshamvua mtoto soksi. Vidole vya pili na vya tatu vilivyoungana peke yake ni jambo la kawaida kwenye koo nyingi, na aghalabu hakuna ugonjwa wowote. Kinachomfanya daktari anyanyue nyusi ni vidole hivyo vikikutana na kushindwa kunyonya, kutokukua, na alama nyingine nilizozitaja.

Sikoseli imeshatufundisha

Kuhusu urithi hatuna haja ya kuanza mbali, sikoseli imekwisha kutufundisha. Mtanzania wa kawaida anajua kwamba baba AS na mama AS, yaani kila mmoja ana nakala moja tu ya jeni ya sikoseli na wote ni wazima wa afya, wanaweza kuzaa mtoto SS, mwenye nakala mbili na ugonjwa wenyewe. Smith-Lemli-Opitz hurithiwa kwa mtindo uleule. Kila mtu ana nakala mbili za jeni ya DHCR7, moja kwa baba, moja kwa mama. Nakala moja ikiwa mbovu, ile nzima hutosha na mtu haoni lolote. Wazazi wote wawili wakiwa na nakala mbovu mojamoja, kila mimba ina uwezekano wa robo kwamba mtoto atachukua mbovu zote mbili. Na ni kila mimba, shilingi hurushwa upya. Kuzaa mmoja mgonjwa hakumaanishi watatu wanaofuata wana kinga.

Tofauti kubwa ni idadi. Sikoseli tunaishi nayo kila mtaa. Huu ni adimu hata kule unakoonekana zaidi, kwa watu wenye asili ya Ulaya, ambako hukadiriwa mtoto mmoja kati ya 20,000 hadi 60,000 wanaozaliwa, na kwa watu wenye asili ya Afrika ni nadra zaidi. Daktari wa watoto hapa Dar es Salaam anaweza kufanya kazi hadi kustaafu bila kumwona hata mmoja.

Sasa yale yanayosemwa. Kwamba mama alikula mayai akiwa mjamzito: tumekua tukisikia kuwa mjamzito akila mayai mtoto huzaliwa kipara, na ni mwendelezo huohuo. Mayai hayasababishi ugonjwa huu, wala kutoyala hakusababishi. Kosa la jeni lilikuwepo siku mimba inatunga, kabla mama hajajua hata kama ana mimba. Kwamba ni ndoa ya binamu: hapa kuna chembe ya ukweli, kwa sababu ndugu wanaweza kuwa wamerithi nakala mbovu ileile kutoka kwa babu mmoja, lakini wazazi wengi wa watoto hawa hawana undugu wowote. Kwamba mama ndiye aliyeleta mkosi: haiwezekani hata kihesabu, kwani nakala mbovu lazima ziwe mbili na moja imetoka kwa baba. Hilo la mwisho ningependa lisomwe kwa sauti kwenye vikao fulani vya ukoo.

Kwa nini, basi, kipimo cha kawaida kisimalize ubishi? Kwa sababu kipimo cha mafuta kwenye damu tunachopima maabara nyingi hakitofautishi lehemu mbichi na lehemu kamili. Zote mbili hesabu inazijumlisha. Ni kama kumwuliza askari aliye juu ya helikopta kuna watu wangapi kivukoni, akakuhesabia wa Magogoni na wa Kigamboni kwa pamoja. Kuna watoto ambao jibu lao limetoka "kawaida" huku ugonjwa upo. Wale walioathirika sana jibu huwa chini kweli, wengine chini ya miligramu 20 kwa desilita, ambapo mtu mzima tunamwambia asizidi 200. Kipimo sahihi ni kile kinachoitafuta 7-dehidrokolesteroli kwa jina lake, kwa mashine maalumu, au kipimo cha jeni. Mzazi mwenye shaka ya kweli aliandike neno hilo kwenye karatasi aende nalo kwa daktari wa watoto, maana si neno la kulikariri.

Kuzunguka kwa daraja

Turudi kwenye viini. Pantoni imekwama, lakini tangu 2016 Kigamboni kuna daraja, lile la Kurasini. Ni mzunguko, lakini mtu anafika. Kumpa mtoto lehemu iliyokwisha kutengenezwa, kwa kiini cha yai kilichoiva au kwa unga maalumu wa kolesteroli unaochanganywa na daktari, ni kuzungukia darajani. Lehemu inafika kwenye damu bila kupitia kwenye kimeng'enya kibovu. Na kuna faida ya pili: mwili ukiona lehemu ipo, hupunguza kuitengeneza, na hivyo umati wa lehemu mbichi hupungua pia. Watoto wengi wanaotibiwa hivi hukua vizuri zaidi.

Ningetamani niishie hapo, lakini ubongo hauna daraja. Kati ya damu na ubongo kuna kizuizi ambacho lehemu ya kwenye damu haikivuki. Ubongo hutengeneza ya kwake mwenyewe, kwa pantoni yake ileile mbovu. Kwa hiyo viini husaidia mwili kukua, lakini havijaonyesha kwamba vinaondoa ulemavu wa akili, na maumbile yaliyopotoka tangu tumboni hayajirekebishi kwa chakula. Kaakaa linahitaji daktari wa upasuaji, moyo unahitaji wa moyo, na kwa kunyonya wengine huhitaji mpira wa kulishia. Anayemwahidi mama tiba kamili kwa mayai ana tofauti ndogo sana na yule dada wa tangawizi.

Yapo mawili ambayo kwa jiji letu lazima niyataje. Jua ndilo la kwanza. Wengi wa watoto hawa ngozi yao huungua haraka mno, mara nyingine kwa dakika chache tu, kwa mionzi ya UVA, na mionzi hiyo hupenya kioo cha dirisha la daladala. Dar es Salaam hilo si jambo dogo, linahitaji kofia, mikono mirefu, kivuli na mafuta ya kukinga jua. La pili ni dawa. Baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, ikiwamo haloperidoli, hukibana kimeng'enya hikihiki cha DHCR7 hata kwa mtu mzima asiye na ugonjwa. Kwa mtoto ambaye pantoni yake ina injini moja, hiyo ni kumzimia hata hiyo moja, kwa hiyo kila anayemwandikia dawa ajue ana ugonjwa gani.

Huu si peke yake kwenye ukoo wa magonjwa ya aina hii. Upo mwingine ambao kimeng'enya cha kugeuza lehemu kuwa chumvi za nyongo ndicho kibovu, mtoto huanza na kuhara kusikoisha na mtoto wa jicho akiwa bado mdogo, na huo una kidonge kinachofanya kazi vizuri ukigunduliwa mapema. Upo pia wa kimeng'enya cha kuvunja lehemu iliyohifadhiwa, ini na bandama huvimba, na dawa yake, iliyoidhinishwa mwaka 2015, huvunwa, amini usiamini, kwenye ute wa mayai ya kuku waliobadilishwa jeni.

Niliyaandika haya kwa ufupi kwenye kundi usiku ule. Mzee nilimjibu peke yake: "Shikamoo mzee wangu. Wewe baki na weupe wako kama daktari alivyokuambia, mtoto abaki na viini vyake, wote wawili mmeandikiwa sawa."

Akajibu marahaba, akanyamaza kidogo, kisha akaandika: "Na yai la kienyeji je? Lile si halina kolesto?"

Nikamweleza kwamba kiini cha kienyeji kimekolea rangi kwa sababu kuku amekula majani, lehemu yake ni ileile. Alama mbili za buluu zikatokea, jibu halikuja. Kesho yake jioni nilimkuta kwa muuza chipsi wa kona, amekunja mikono nyuma, anamhoji kijana wa watu kuku wake walikuwa wanakula nini.